Ekzosi ya Ndung'u

Kabla hujanisalimia, zima hiyo pikipiki. Sikio langu la kushoto lilishakufa zamani, na hili la kulia ndilo nililobaki nalo, sitaki uniulie hili pia. Haya, asante, keti hapo na wenzako. Sasa tunaweza kuongea.

Nimefungua kabureta tangu nikiwa na nywele kichwani. Nilianzia mjini, Barabara ya Kirinyaga, kisha nikahamia huku Kabiria nikajijengea kibanda cha mabati kando ya lami, na humo ndimo nilimozeekea. Sasa nimestaafu. Mikono inatetemeka, na jeti ya kabureta ni kitu kidogo sana. Ikikuponyoka ikaanguka kwenye vumbi, utaitafuta mpaka ukutane na babu yako. Lakini nyinyi vijana mnaofungua vibanda kila kona kuanzia Kawangware mpaka Jamhuri, nina neno na nyinyi. Nitawaambia habari ya pikipiki iliyomuua kijana mmoja aitwaye Ndung'u, na ya mdogo wake Mbugua, aliyetaka kuipanda ikiwa na kasoro ile ile. Si habari ya kuchekesha. Mkicheka mahali, sawa, hata matangani watu hucheka.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu hamuwezi kunielewa bila hiyo.

Mtu ananunua ekzosi mpya. Ile iliyokuja na pikipiki ni nzito, imejaa vyumba ndani, kazi yake ni kunyamazisha. Hii mpya ni bomba tupu, inang'aa, ina mdomo kama tarumbeta. Anaifunga palepale steji, kituoni kwa boda, wenzake wakishangilia. Anawasha, inanguruma, anasema kazi imeisha. Nani amekuambia imeisha? Ndiyo kwanza imeanza!

Injini inapumua kama wewe. Ukiipanulia pua ya kutolea pumzi, itavuta hewa zaidi upande wa pili. Sasa hewa imeongezeka. Petroli je? Petroli inapita kwenye kitundu cha jeti, na kitundu hakina habari kwamba umenunua ekzosi. Kinatoa kipimo kile kile cha jana. Ni kama chai: umeongeza maji kwenye sufuria, lakini maziwa ni yale yale. Utakunywa, ila usiniambie ni chai. Tofauti ni kwamba chai nyepesi haiui mtu. Injini yenye mchanganyiko mwepesi inachemka kupita kiasi, maana petroli haiwaki tu, petroli inapoza pia. Hilo wengi wenu hamlijui, na mkiambiwa mnadhani mzee amechanganyikiwa.

Na injini yenye njaa hulia. Ukiachia mafuta ukiteremka, inapasua kwa nyuma: pa! pa-pa! Hapo ndipo ulipo ugonjwa wenu. Mlio ule watu wa Nairobi wanaupenda. Kijana anapita Ngong Road akipasua, wasichana wanageuka, bawabu wa benki anainama akidhani ni risasi, na yeye anajiona mfalme. Hebu niambie, mtoto wako akikohoa nyumbani, utaita majirani waje wamsikilize jinsi anavyokohoa vizuri?

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Odhiambo, Mungu amlaze pema. Mtu mfupi, mkali, alivaa tai chini ya ovaroli kila siku, hata Jumamosi. Ukimuuliza tai ni ya nini, anakwambia mteja akiona tai haulizi maswali mengi. Huyo mzee hakuwahi kumaliza kabureta kwa sikio. Alikuwa anaipanda pikipiki mwenyewe, anaifungulia mafuta yote mlimani, halafu anavuta klachi na kuzima injini papo hapo, anaachia iende yenyewe mpaka isimame. Anatoa plagi, anavaa miwani ya kusomea, na kuitazama kama mtu anayesoma Biblia kanisani. Ikiwa nyeupe kama chaki, injini ina njaa. Ikiwa nyeusi ya masizi, imeshiba mpaka inatapika. Ikiwa na rangi ya mandazi, basi umefika. "Sikio linapenda kusifiwa," alizoea kutuambia, "lakini plagi haina rafiki."

Tulikuwa na mwenzetu pale, Shiundu, hodari wa njia za mkato. Siku moja aliona uvivu kwenda kutafuta jeti kubwa dukani, akaichukua ile ndogo akaipanua kwa waya wa breki ya baiskeli. Kitundu kikawa pango. Mwenye pikipiki akambeba mkewe nyuma wakaenda harusini, mama wa watu amevaa gauni jeupe. Asubuhi iliyofuata yule mama alikuja karakana mwenyewe, akalitandaza lile gauni juu ya meza yetu. Upindo wote ulikuwa mweusi tititi. Mzee Odhiambo alimnunulia Shiundu sabuni ya kipande, akamwambia afue palepale barabarani, Kirinyaga Road yote ikitazama. Alifua, akasuuza, akaanika kwenye waya wa antena. Tulicheka mpaka tukaketi chini.

Lakini afadhali huyo. Injini iliyoshiba inachafua gauni, basi. Yenye njaa inaua, na ndiyo maana nikawaita mketi hapa.

Ndung'u alikuwa mtu wa boda, steji ya hapa Kabiria. Kwao ni hapo chini tu, watu wa zamani wa hapa, wenye kishamba kilichobaki kidogo na vyumba vya kupangisha. Baba alishafariki. Mama Ndung'u alibaki na wavulana wawili, Ndung'u na Mbugua, hana mwingine. Ndung'u alibeba watu mpaka Jamhuri na vifurushi mpaka mjini, na kila akipita kibandani kwangu alikuwa lazima aazime spana ambayo sitaiona tena. Aliniita Guka, yaani babu, ingawa mimi ni Mkamba na sina mjukuu Mkikuyu hata wa dawa. Nilimpenda. Sioni haya kusema hivyo.

Siku aliyofunga ekzosi yake mpya alikuja kunionyesha. Alifungulia mafuta, akaachia. Pa! pa-pa-pa! Kuku wa jirani wakatawanyika.

"Guka, umeskia hiyo?"

"Nimesikia. Lete hapa niiwekee jeti kubwa kidogo, na niinue sindano ya kabureta."

"Ndio ikule mafuta? Zii, Guka. Unataka nikuwe nafanyia petrol station kazi?"

"Ndung'u, hiyo kitu inaungua huko ndani."

"Hiyo si kuungua, hiyo ni kuimba! Ukiinyamazisha itakuwa kama cherehani ya mathe."

Akacheka, akaondoka akipasua mpaka kwenye kona. Nilimwambia tena siku nyingine, na nyingine. Kila mara alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha kuambukiza, hata mimi mwenye kumkanya nilijikuta nacheka. Ningemkamata shati? Ni mtu mzima. Pikipiki ni yake.

Ilitokea Southern Bypass, mchana kweupe, akirudi nyumbani bila abiria, mafuta yamefunguliwa yote. Pistoni ilivimba kwa joto ikashikana na silinda. Injini ikisimama ghafla ukiwa kwenye gia, gurudumu la nyuma linafunga hapo hapo. Mtu anayejua huvuta klachi, na ndiyo maana mimi mpaka leo naendesha vidole viwili vikiwa juu ya klachi. Ndung'u alitupwa chini, na nyuma yake kulikuwa na lori. Sitasema zaidi ya hapo.

Pikipiki ililetwa kibandani kwangu kwa pikapu. Kioo kimoja kimevunjika, tangi limekwaruzwa, basi. Ungedhani mtu ameiegesha vibaya tu. Niliifungua peke yangu. Plagi ilikuwa nyeupe kama chaki. Pistoni ilikuwa imeyeyuka ukingoni kama mshumaa, na ubavuni imechubuka vibaya. Niliketi juu ya debe nikaishika mkononi muda mrefu, nikalia.

Nilimwonyesha mwenyekiti wa steji, mtu mnene mwenye sauti ya upole anayeitwa Wafula. Aliigeuzageuza. "Chuma ni chuma, fundi," akasema. "Siku yake ilikuwa imefika." Na matangani nikawasikia watu wakinong'onezana kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Nilitamani kumzaba mtu kofi. Methali hiyo ni tamu sana ukiisema ukiwa umeshika kikombe cha chai na mtoto aliyekufa si wako.

Mama Ndung'u aliambiwa ni lori, na ni kweli lori lilikuwepo. Mimi sikumwambia la zaidi. Mama anayelia hana haja ya kufundishwa kabureta.

Sasa mnajua desturi ya watu wa boda. Mwenzao akifa, hawamwachi aende kimya. Pikipiki ya marehemu hutangulia mbele ya gari la maiti, inaendeshwa na ndugu yake wa karibu, na wengine wote wanafuata wakipasua. Na ile ya mbele lazima ilie kwa sauti yake yenyewe, ile ile aliyojulikana nayo mwenyewe, kwa sababu wanasema hiyo ni mara ya mwisho watu kumsikia. Wafula na wenzake walichanga, wakaniletea pistoni mpya na silinda. Mpango ulikuwa kumtoa mochari, kumpitisha mjini kwenye mitaa aliyopeleka vifurushi, kupanda Ngong Road, kupita Jamhuri, kuingia bypass palepale alipoangukia, kisha nyumbani azikwe shambani kwao. Atakayeendesha ni Mbugua. Na baada ya maziko Mbugua ataichukua ile pikipiki na nafasi ya kaka yake steji. Hilo lilikuwa limeshakubaliwa.

Mbugua si mtu wa boda. Alikuwa anauza makava ya simu katikati ya mji, kijana mpole, sauti ya chini, kaka yake ndiye aliyemfundisha kuendesha. Nilimwita nikampa ile pistoni iliyoungua aishike. "Unaona? Hiki ndicho kilichomwangusha kaka yako. Ule mlio ndio huu hapa." Aliishika kwa mikono miwili kama mtu anayepewa kifaranga.

Jioni hiyo mama yake akaja. Hakutaka kuketi.

"Fundi, naskia unatengeneza hiyo kitu."

"Ndiyo, mama."

"Nimemkataza Mbugua asiiendeshe. Hawanisikii, wanasema ni desturi." Aliitazama ile pikipiki kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumng'ata mtu. "Mimi sina mwingine nyuma ya huyo. Nimebakisha mmoja."

Nilimwambia nitaiweka sawa. Ningesema nini kingine?

Basi nikafanya kazi ile kama Mzee Odhiambo amesimama nyuma yangu na tai yake. Sikilizeni hapa, wale wa kazi. Kwanza nilihakikisha kiungio cha ekzosi na silinda hakivuji, nikaweka gasketi mpya, maana ikivuta hewa pale itapasua hata ukiipa bahari ya petroli na utafukuza kivuli chako wiki nzima. Nilibadilisha jeti zote mbili, ya mwendo wa chini na ile kubwa, zenye namba, za dukani, hakuna mambo ya waya. Unapanda namba moja, unajaribu, unapanda nyingine. Sindano niliiinua kwa kushusha kile kibanio chake. Skrubu ya mchanganyiko niliifungua polepole injini ikiwa imeshapata moto, mpaka ikatulia. Halafu alfajiri, magari yakiwa machache, niliipeleka bypass nikaifungulia, nikazima, nikasoma plagi. Nikarudi, nikabadilisha, nikaenda tena. Mpaka ikatoa rangi ya mandazi.

Ilikuwa pikipiki nzuri sana siku ile, wacha niseme ukweli. Sauti nene, tulivu, ukiachia mafuta inashuka bila kelele. Mbugua angeenda nayo Mombasa na kurudi.

Wafula alipoijaribu pale steji, sura yake ilibadilika. Alifungulia, akaachia. Kimya. Akarudia.

"Fundi, umefanya nini? Umeinyamazisha!"

"Nimeiponya."

"Tutamsindikiza Ndung'u na pikipiki ya mwalimu? Watu watasema tulimwibia sauti!"

"Waseme."

Mbugua alinivuta kando. Macho mekundu. "Guka, hata kidogo tu? Hata hiyo siku moja?"

"Hata dakika moja, Mbugua. Uliishika ile pistoni ama hukuishika?"

"Niliishika."

"Basi."

Aliitikia kwa kichwa, akaipanda, akaenda nayo. Nilidhani tumeelewana.

Siku ya maziko nilipanda pikapu ya jamaa mmoja wa familia, nyuma ya gari la maiti. Mjini sikuweza kutofautisha kitu. Pikipiki zilikuwa nyingi, zote zinapasua, wachuuzi wamesimama na mizigo yao, wengine wamevua kofia. Ngong Road ilikuwa vile vile. Tulipofika Jamhuri msafara ukabanwa na magari, wale wa nyuma wakabaki mbali kidogo, na hapo ndipo nilipousikia. Mbele ya jeneza. Pa! pa-pa-pa!

Nilijiambia sikio limenidanganya. Mbugua akaongeza mafuta, akaachia. Pa-pa-pa! Ilikuwa sauti ile ile, naijua kama ninavyoijua ya mke wangu. Mbele yetu kulikuwa na bypass, barabara ya kufungulia mafuta yote, na yule kijana alikuwa na huzuni ya kumfanya mtu afungulie mafuta mpaka mwisho.

"Mpite!" nikamwambia dereva.

"Nimpite nani? Maiti? Mzee, jeneza halipitwi!"

"Mpite huyo kijana umzibe njia, la sivyo tutachimba kaburi lingine wiki hii! Twende!"

Tukapita. Haki ya Mungu, sijawahi kuona aibu kama ile, watu wakinipigia makelele, wengine wakinitukana mimi na upara wangu. Tulimziba kabla ya kuingia bypass. Gari la maiti likasimama. Msafara wote ukasimama. Nikashuka nikaweka kiganja karibu na silinda, nikakiondoa haraka. Ilikuwa inachoma.

"Nani ameirudisha?" nikauliza.

Mbugua aliinamisha kichwa. "Mimi ndio niliwaomba watu wa steji. Walirudisha zile jeti za kwanza."

"Na nilizoweka mimi ziko wapi?"

"Zimebaki steji."

Wafula akafika anahema. "Fundi, una wazimu? Unasimamisha marehemu njiani?" Kabla sijamjibu, mlango wa gari la maiti ukafunguliwa, Mama Ndung'u akashuka, amefunga kitambaa cheusi.

"Kuna nini? Mbona mtoto wangu amesimamishwa?"

Hapo sikuwa na pa kujificha. "Mama," nikasema, "huu mlio ndio uliomuua."

"Ni lori lilimuua."

"Lori lilimkuta ameshaanguka. Injini iliungua ikashikana, ndiyo ikamtupa. Inapasua hivi kwa sababu inaungua. Na sasa inaungua tena, na aliye juu yake ni Mbugua."

Aligeuka akatazama nyuma. Pikipiki zilikuwa zimejipanga mpaka mbali, na wale wasiojua kilichotokea walikuwa bado wanapasua kumpa mwanawe heshima. Alisikiliza kidogo.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulimwambia?"

"Nilimwambia, mama. Zaidi ya mara moja."

"Akasema nini?"

"Alicheka."

Alifumba macho. "Eeh," akasema. "Huyo ni Ndung'u." Kisha akamgeukia mdogo mtu. "Shuka."

"Mathe, nilitaka asikike. Mara ya mwisho tu."

"Mbugua, shuka."

Alishuka, akaingizwa kwenye gari la maiti kando ya kaka yake. Wafula akasema pikipiki ya marehemu haiachwi njiani, ni mkosi. Mama Ndung'u akaninyooshea kidole. "Fundi ataileta."

Basi nikaipanda. Nilikuwa nimevaa suti ya harusi ya binti yangu, na helmeti ya kijana aliyekufa, niliyoipokea kwa Mbugua, ilinibana masikio. Sasa shikeni na hili, litawafaa: ukiwa njiani na injini ina njaa na huna jeti, vuta choki nusu. Choki inapunguza hewa, chai inarudi kuwa chai. Mlio ukakatika hapo hapo. Ikaanza kutoa moshi na kugugumia kama mzee mwenye pumu, nami nikaiendesha polepole kushinda baiskeli, vidole viwili kwenye klachi. Nyuma yangu wale vijana walikuwa wananiona kichekesho. Tulipita pale alipoangukia. Vigae vya kioo vilikuwa bado kando ya lami. Niliogopa. Umri wangu wote huu, na niliogopa mashine niliyoijua mpaka nati yake ya mwisho.

Tulimzika nyuma ya vyumba vya kupangisha. Wapangaji walikuwa wameanua nguo zao kwenye kamba kwa heshima. Mchungaji alisema maneno mazuri. Mama Ndung'u aliomba hakuna wa kupasua pale nyumbani, na nitampa Wafula haki yake, aliwatuliza vijana wake, na udongo ukaingia kaburini kwa kimya. Watu wakala, wakashukuru, wakaanza kutoka.

Walipofika lamini, wa kwanza akapasua. Halafu wa pili. Halafu wote, ukawa kama uwanja wa vita, wakiteremka kuelekea Kawangware.

Mama Ndung'u alikuwa karibu nami na beseni la vikombe. Hakutazama barabarani. Alikuwa anamtazama Mbugua, nami nikafuata macho yake. Mbugua alikuwa amesimama kando ya ile pikipiki, mkono juu ya tangi, uso wote machozi. Na alikuwa anatabasamu akiusikiliza ule mlio.

Yule mama akaweka beseni chini.

"Fundi, una spana?"

"Ninazo."

"Hiyo kitu ifungue. Yote. Isibaki kipande kimeshika kingine."

Mjomba mmoja akaingilia, akasema kwa nini kuharibu mali, si bora iuzwe tu.

"Nimuuzie mtoto wa nani?" akamwuliza.

Nilivua koti la suti, nikapiga magoti kwenye nyasi. Mbugua akaja mbio. "Guka, usiiguse! Guka, nakuomba!" Akanishika mkono. Ni kijana mwenye nguvu, angenisukuma ningeanguka kama gunia. Mama yake akamwita jina mara moja tu, Mbugua akaniachia, akaketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji akalia kwa sauti, kilio ambacho hakuwa amekilia tangu kaka yake afe. Sikuinua kichwa. Nilitoa ekzosi, kabureta, silinda, pistoni mpya ambayo ilikuwa haijapata hata mwezi, nikafungua gia moja moja. Maisha yangu yote nimefungua injini ili zirudi. Ile niliifungua ili isirudi, na mikono haikutetemeka.

Ekzosi na kabureta Mama Ndung'u alizifunga kwenye leso ya kujitanda, akazibeba mwenyewe mpaka kwenye choo cha zamani cha shimo. Tulisikia zikigonga kuta, halafu hatukusikia kitu.

Sijafungua injini nyingine tangu siku ile.

Mbugua alirudi mjini kwa makava yake ya simu. Hanisalimii. Akiniona nimeketi hapa nje, anavuka barabara apite upande ule mwingine, na ameshazoea hivyo, hata mvua ikinyesha atavuka kwenye matope. Wenzangu wananiuliza kama siumii. Mimi humtazama akivuka kwa miguu yake miwili, akiangalia kulia, akiangalia kushoto, mpaka afike ng'ambo, na namwacha aende zake.